Jino ya Kushoto

"Ulisukutua," anko akasema. "Siku ya kwanza, na maji moto, na chumvi. Usinidanganye."

"Sikusukutua."

"Na ukatema. Nakujua wewe. Wewe hata ukitembea unatema."

"Anko, sikusukutua, sikutema, sikukula muthokoi wala mahindi yoyote ngumu. Nililala na hiyo pamba kwa mdomo mpaka asubuhi, venye ulisema."

Nilikuwa nampigia kelele lakini kelele yenyewe ilikuwa inatokea katikati ya meno, juu mdomo yangu ilikuwa inafunguka vidole viwili peke yake. Kama hujawahi kukasirika na mdomo imekataa kufunguka, usitamani. Unasikika kama mtu anagombana akiwa ndani ya blanketi. Na chini yetu posho mill ilikuwa inasaga, sakafu inatetemeka, kwa hivyo kwa hiyo nyumba watu hupigiana kelele hata wakisalimiana.

"Mbithe, unamsikia mtoto wako?" anko akamuuliza mathee.

"Namsikia," mathee akasema. Alikuwa amekaa kwa benchi ya wagonjwa, mkoba kwa magoti, ameushika na mikono mbili kama mtu ako kanisani na anangoja sadaka ipite. "Kiema, mwambie ukweli. Kama ulisukutua, sema."

Sasa nieleze vizuri ndio ujue sikuenda pale kutafuta vita. Huyo anko anaitwa Mwangangi, ni kaka ya mathee. Anatoa meno. Daktari kamili si daktari, alisomea meno miaka tatu Nairobi akarudi, lakini kuanzia Machakos taoni mpaka kwetu Kalama wote wanamwita daktari na sijawahi kumsikia akimsahihisha mtu. Ako na chumba moja juu ya posho mill, na kwa ngazi kuna bango imechorwa jino inacheka, imeshika mswaki. Hiyo jino imechekanga hapo tangu nikiwa nasare.

Mimi nilimaliza fomu foo mwaka wa 2000. Mwaka uliofuata nikaenda kuandikwa jeshi pale uwanjani Machakos. Nilikimbia, nikamaliza wa sita. Wakapima urefu, kifua, nyayo. Nikafika kwa afande wa meno, na kwetu vijana wanamwogopa huyo kuliko mbio. Akaniambia fungua, akaingiza tochi, akafinya ufizi huko nyuma kabisa na kijiti. Usaha ikatoka. Akaenda upande ingine, akafinya, usaha ikatoka.

"Kijana," akasema, "hizi jino zako mbili za mwisho zimelala ndani ya mfupa kama ng'ombe imekataa kusimama. Enda zitolewe. Upone kabisa. Mwaka ujao ukirudi naingiza vidole vitatu hapa, vikienda sawa, huna shida na mimi. Ukiniletea usaha tena nitakupeleka kwa daktari wa mifugo."

Vidole vitatu. Mwaka mzima nimekuwa nikiamka, napima na vidole yangu kabla hata ya kunawa uso. Na hiyo siku nakuambia, ilikuwa Jumatano. Watu wa jeshi walikuwa wanakuja uwanjani Ijumaa. Siku mbili. Na nilikuwa na vidole viwili, na hata hivyo viwili vikiingia machozi inatoka.

Ya kulia haikuwa na shida. Ya kulia nilitolewa mwezi wa nne na Daktari Ruqaya, msichana wa Yahya yule wa duka ya nguo nyuma ya msikiti. Amesoma mpaka akamaliza, huyo ni daktari wa kweli. Alinieleza kila kitu mbele ya kioo kidogo. Anapasua ufizi kidogo tu, kama kufungua bahasha. Anatoboa mfupa kidogo, halafu haivuti hiyo jino nzima, anaikata vipande ikiwa huko huko ndani, vinatoka moja moja. Na mashine yake ikizunguka inamwaga maji, maji mingi, mpaka nikadhani nitazama, na kuna paipu inafyonza. Nikamuuliza maji ni ya nini. Akasema, "Mfupa ni kitu hai, Kiema. Ukiukata bila maji unaungua, na mfupa ulioungua hauponi." Akashona nyuzi mbili, zimelegea. Nikamwambia daktari, si ukaze. Akasema hapana, kidonda kinataka njia ya kupumulia, na damu ibaki mle ndani igande, ndiyo kifuniko chake. Siku ya tatu uvimbe ikaanza kushuka. Siku ya nane nilikuwa nakula mahindi ya kuchoma.

Hiyo ni kulia. Ya kushoto nilitaka pia nirudi kwake, na hapo ndio mathee alisimama kwa mlango.

"Mtu akiwa na kaka fundi wa viatu," alisema, "anaendanga kushonewa kwa jirani? Watu wa Kalama watasema nini? Mwangangi ametoa meno ya location mzima, mtoto wa dada yake anaenda kwa binti ya Yahya. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya pili ni matusi."

Na si kwamba anko hana jina. Babu yetu, baba ya mathee na anko, ndiye alikuwa anachonga watu meno huko Kalama zile siku za zamani, wakati Mkamba bila meno ya ncha haonekani kama mtu. Alikuwa na kapatasi kadogo na kanyundo, anagonga, tik, tik, na wanasema hajawahi kupasua jino ya mtu hata moja. Hiyo patasi anko aliirithi. Iko kwa droo yake, imefungwa kwa kitambaa nyekundu. Haitumii hiyo kwa wagonjwa, ako na zake za hospitali, lakini anasemanga mkono ni ule ule. Jino ikiwa imelala ndani ya mfupa, anko anapasua, anaweka patasi, anagonga mara tatu, mfupa inafunguka, anaiinua. Watu wanatoka hapo wamefura, lakini wanapona.

Sasa mimi na mdomo yangu. Jumapili moja kabla anko anitoe hiyo ya kushoto, tuko Kalama, watu wamejaa, wanakula. Nikasema, "Lakini anko, hiyo ya patasi ni kazi ya fundi wa kabati. Daktari Ruqaya ako na mashine, anakata jino kama keki." Watu wakacheka. Hata yule mzee jirani yetu haskii vizuri alicheka. Anko pia alicheka, lakini alianza wa mwisho.

Haya. Sasa unajua.

"Siku kumi na mbili," nikamwambia anko, pale juu ya posho mill. "Kulia ilichukua nane. Kushoto ni kumi na mbili na naona inaanza leo. Silali. Uchungu inaingia kwa sikio, inashuka kwa shingo. Na nanuka. Mathee, si nanuka?"

"Unanuka," mathee akasema.

"Hiyo inaitwa shimo kavu," anko akasema. "Damu imetoka kwa shimo, mfupa umebaki uchi. Na damu haitoki yenyewe, inatolewa na mwenye mdomo. Ama umesukutua ama umevuta sigara."

Nikanyamaza. Nilinyamaza kidogo tu, lakini huyo mtu ni Mkamba, anaweza kusikia ukimya ukipita.

"Ah," akasema. "Haya. Mbithe, umeona?"

"Moja," nikasema. "Siku ya tano. Na uchungu ilikuwa imeanza siku ya pili. Sigara ya siku ya tano itaharibu aje siku ya pili?"

"Ulivuta sigara?" mathee akauliza.

"Moja, mathee."

"Na pesa ya sigara ulitoa wapi?"

"Wacha hiyo sasa."

"Siwachi. Nakupikia uji kwa sufuria yake mwenyewe kama mtoto mchanga, kumbe unavuta."

Anko akatoa glavu kwa boksi, akaanza kuvaa pole pole, akivuta kila kidole. "Kaa kwa kiti," akasema. "Nikwangue hiyo shimo itoke damu mpya, imekwisha. Ijumaa utaimba mbele ya afande."

"Sikai."

"Kaa."

"Sikukuja kukaa. Nimekuja unijazie hii." Nikatoa karatasi kwa mfuko.

Hiyo karatasi ndio shida yote. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoroka nikaenda kwa Daktari Ruqaya. Aliangalia, akanusa, hakusema neno mbaya kwa mtu yeyote. Akaniambia mambo ni mawili. "Kama ni damu tu iliyotoka kwenye shimo, naliosha, naweka dawa, na maumivu yanapungua leo leo. Ijumaa huenda ukapata hivyo vidole vitatu, ukijikaza. Lakini kama mfupa umeungua, dawa itakaa juu ya kitu kilichokufa. Hapo ni kufungua tena, niukwangue mfupa mbaya mpaka nikute unaotoka damu, na uanze kupona upya. Wiki tatu. Na eksirei haitanionyesha mapema hivi. Sitaki kukukata bure, na sitaki kukupaka dawa bure. Aliyekutoa anajua alichofanya. Mwambie aniandikie."

Akaandika maswali tatu kwa karatasi. Moja, patasi au mashine. Mbili, kama ni mashine, na maji au bila. Tatu, alishona aje.

Nilikuwa na uhakika ya jibu. Anko ni mtu wa patasi. Patasi haichomi. Kwa hivyo ni damu tu, kwa hivyo ni dawa, kwa hivyo Ijumaa. Nilitaka tu aandike hiyo neno moja na jina yake chini.

Anko alisoma hiyo karatasi na mkono mbali, venye wazee husoma. Alafu akaiweka kwa meza, chini ya kikombe.

"Ananipa mtihani," akasema.

"Anauliza tu."

"Binti ya Yahya ananipa mtihani, na maswali yana namba. Mimi nilimng'oa Yahya mwenyewe magego mawili, huyu bado yuko tumboni. Hakuuliza maswali. Alisema asante akaenda msikitini."

"Andika tu patasi. Si ni patasi?"

"Siandiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kesho karatasi yangu itakuwa imebandikwa kwa ukuta yake. Mwangangi wa posho mill, hiki ndicho alifanya. Kaa kwa kiti, Kiema."

"Andika, nitakaa."

"Unanunua nyanya hapa? Kaa kwa kiti."

Mathee akaingilia. "Kiema, mwachie mjomba wako afanye kazi yake. Huyo msichana anataka nini na karatasi? Anataka kukuchukua tu. Si kila siku unasema mashine, mashine. Mashine imekuroga."

"Mathee, mimi nataka kwenda jeshi. Hiyo tu. Sitaki mashine, sitaki binti ya mtu. Ijumaa."

"Jeshi, jeshi," anko akasema. "Mwenye kutaka jeshi hulinda kidonda yake. Na kwani ukikosa utakufa? Nthambi wa kwetu Kalama alisema atakuingiza pale EPZ Athi River, kwa kiwanda za nguo. Unashona mifuko ya suruali, unapigiwa kengele ya chakula. Hiyo kazi haitaki mdomo."

Alisema hivyo akicheka, na glavu zake nyeupe juu kama mtu ameambiwa asimame asipigwe risasi. Na kitu ikakatika ndani yangu.

"Mwangangi," nikasema.

Posho mill ilikuwa inasaga lakini nilisikia mathee akivuta hewa. Kwetu humwiti naimiwa wako kwa jina. Naimiwa ni kaka ya mama, na kuna watu wanaweza kutukana chifu, waende nyumbani walale, lakini naimiwa hawamguzi. Akikulaani hata mvua inaruka shamba yako.

"Rudia," anko akasema.

"Kiema, omba msamaha," mathee akasema. Alikuwa amesimama, mkoba imeanguka. "Omba msamaha sai. Unajua huyo ni nani kwako?"

"Mwangangi," nikasema tena, na mate ikanitoka pembeni ya mdomo, juu siwezi kuufunga pia vizuri. "Ulining'oa kama kisiki. Hukutaka kukata vipande kama mwenye kujua. Ulitaka watu waseme mkono wa baba yako. Na sasa huwezi hata kuandika neno moja. Babu alikuwa anachonga meno ya mbele, watu wakae warembo. Wewe unaharibu za nyuma na unaficha."

Anko akaja. Sijui alikuwa anakuja kunipiga ama kunikalisha kwa kiti. Nikarudi nyuma, haraka, nikagonga kitu na kiuno, pale kwa kona karibu na dirisha.

Hicho kitu kilikuwa kimefunikwa na kitambaa ya kufuma, ile kina mathee wanafumanga za kufunika viti na redio. Nilikuwa nimeiona siku ile ya kutolewa nikadhani ni cherehani. Kitambaa ikateleza ikaanguka.

Haikuwa cherehani. Ilikuwa mashine ya meno. Ya zamani, rangi ya maziwa, imekwaruzwa, na mkono ya chuma imekunjwa kama mguu ya panzi, na pedeli chini, na kwa mwisho ya mkono kale kamsumari ka kutobolea. Pembeni kulikuwa na chupa ya plastiki imefungwa kwa waya, na kapaipu kamoja kametoka hapo. Chupa ya maji. Nilijua ni ya maji juu mashine ya Daktari Ruqaya ilikuwa na kama hiyo, kubwa.

Ilikuwa kavu. Si kwamba ilikuwa imeisha, la. Kavu ya kukaa. Ndani kulikuwa na buibui.

Hapo ndio harufu ilinirudia.

Siku ile anko alinipa kidonge ya kutuliza, nikalegea kabisa, akanifunika uso na taulo, akabakisha mdomo. Sauti zote zilikuwa moja, posho mill na kila kitu. Sikusikia mashine, ama nilisikia nikadhani ni unga. Lakini nilinusa. Nilinusa kichwa ya mbuzi ikichomwa, ile wakati manyoya imeisha na moto imefika kwa pembe. Nikafikiria, nikiwa nusu nimelala, leo huko nyuma kwa bucha wanatengeneza supu. Hata nilitamani.

"Ulinikata na hii," nikasema.

Anko alikuwa anavua glavu.

"Ulinikata na hii bila maji. Hiyo harufu ilikuwa mimi."

"Maji ilikuwako," akasema. Sasa hakuwa anapiga kelele, ilibidi niangalie mdomo yake. "Mfereji ilikuwa imekauka wiki nzima, taoni yote, unajua. Mwenye mkokoteni alikuwa ameniletea mtungi moja. Nikachemsha asubuhi, sufuria mbili, nikaziweka hapo kwa stovu zipoe. Safi. Ya mashine."

Akamwangalia mathee.

Nilikumbuka hata kabla aseme. Siku hiyo mathee alikuja na majani, sukari, maziwa kwa chupa ya soda. Mtu hawezi kuja kwa kaka yake mikono tupu. Nikiwa nangoja kidonge ishike, alikuwa hapo nyuma ya pazia anapiga miluzi ya kanisa, na harufu ya chai imejaa. Alipea wagonjwa wote kwa benchi. Alipelekea mpaka mwenye posho mill, vikombe viwili, ya pili akaongeza sukari.

"Ilikuwa kwa stovu," mathee akasema. "Imeshachemka. Nilijua ni ya chai."

"Sikulaumu," anko akamwambia.

"Nilijua ni ya chai, Mwangangi."

"Nimesema sikulaumu."

"Ungengoja," nikamwambia anko. "Ungeniambia niende nirudi kesho. Ungetumia patasi. Hiyo patasi yako ingeniponya, hata ningefura kichwa kama tikiti."

"Patasi," akasema. "Patasi ya fundi wa kabati." Akaniangalia sasa, macho kwa macho. "Ulinicheka mbele ya watu wangu kwa nyumba ya baba yangu. Nikanunua hiyo kitu kwa daktari mmoja Mhindi anafunga kazi Nairobi, wiki hiyo hiyo. Ikapandishwa kwa ngazi na watu wanne. Kwa ajili ya nani? Mimi kuna mtu mwingine alikuwa analilia mashine? Nilikuwa nimeshapasua ufizi. Nikageuka, sufuria ziko na majani ndani. Wewe umelala hapo, mdomo wazi. Nikasema ni jino moja. Nitaenda haraka."

"Ulienda haraka?"

"Hapana," akasema. "Ilikuwa ngumu. Ilichukua dakika arobaini."

Mathee akakaa.

Nikatoa karatasi chini ya kikombe. Kikombe ilikuwa imeacha duara juu ya swali ya pili. Nikamwekea mbele. "Andika."

"Nikwangue mimi," akasema. "Naweza kukwangua. Na mkono, bila mashine. Nipe nafasi hii moja, Kiema, nirekebishe kitu changu."

"Wewe hutanigusa tena."

"Kiema," mathee akasema, lakini ilikuwa jina tu, haikuwa na kitu nyuma yake.

Akaandika. Anko ako na mwandiko mzuri, ule wa shule za zamani za misheni, herufi zimelala upande moja kama nyasi. Moja, mashine. Mbili, bila maji. Tatu, akasimama kidogo, akaandika, nyuzi saba, zimekazwa, bila nafasi. Akatia sahihi, akaweka tarehe. Akagonga na muhuri yake, ile ya duara. Hiyo muhuri hakuna mtu alikuwa ameomba.

"Mpelekee," akasema. "Abandike."

Nilisoma nikisimama. Neno ni chache na nilikuwa nazijua, lakini nilisoma mara mbili. Niliingia hapo nikitaka karatasi ya kunipeleka uwanjani Ijumaa. Hii sasa ilikuwa ya kunilaza. Bila maji. Kufungua tena, kukwangua mpaka damu, wiki tatu. Nikajipima vidole, sijui kwa nini, hapo mbele yao. Viwili. Afande wa meno angekuwa pale na tochi yake, na vijana wamepanga laini, na mimi niko kwa kiti ya Daktari Ruqaya nimemeza paipu.

"Na Ijumaa je?" mathee akauliza. Aliuliza anko, hakuniuliza mimi.

"Ijumaa haiko," anko akasema. "Kuna mwaka ujao." Alafu, juu hawezi kuacha, huyo mtu hajawahi kuacha, akaongeza, "Kama atakuwa amejifunza kunyamaza."

"Mwaka ujao," nikasema.

"Utaomba msamaha kabla utoke?" akaniuliza. "Umeniita jina mara mbili. Nimehesabu."

"Wewe utaomba?"

Anko aliinama akaokota kile kitambaa, akakung'uta unga, juu unga ya posho mill inapandanga mpaka huko, akakirudisha juu ya mashine. Akanyoosha pembe zake, moja, mbili, tatu, nne, kama mtu anatandika kitanda ya mgeni.

"Mathee, twende."

"Tangulia," akasema. Hakuinua macho. "Niko hapa kidogo na ndugu yangu."

Nikamwangalia. Mkoba yake bado ilikuwa chini, imefunguka, na ndani naona ile karatasi ya majani ya chai, imekunjwa vizuri, alikuwa amekuja nayo tena.

Sasa, mlango ya anko ni mbaya. Imelegea kwa bawaba, lazima uinue na mkono mbili ndio ifunge, na watu wote huiacha tu inaning'inia, hata mimi, miaka yote. Anko hupiga kelele, mlango, na hakuna mtu hurudi. Hiyo siku nilitoka, nikaweka karatasi kwa meno ndio mikono ibaki huru, uchungu ikanipanda mpaka kwa jicho, nikashika mlango chini na juu, nikainua, nikaifunga.